Meno ya Sproketi na Maisha ya Cheni: Somo kwa Mwenye Pikipiki Kuukuu

Katika kaunti yetu ya Uasin Gishu pikipiki ndiyo gari la wengi. Hubeba maziwa alfajiri kutoka Ainabkoi na Moiben, hupeleka mbolea shambani Soy, hufikisha wanafunzi Kesses, na usiku humwahisha mama mjamzito hospitalini. Nyingi ya pikipiki hizi si mpya. Zimepita mikononi mwa mwenyewe wa pili au wa tatu, na sehemu inayochakaa mapema na kusahaulika zaidi ni ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma: cheni na sproketi zake mbili.

Somo hili lina sehemu nne. Kwanza tutaeleza idadi ya meno ya sproketi inavyobadilisha mwendo na nguvu. Pili, jinsi ya kujua kama cheni imekwisha. Tatu, hatua za kubadilisha seti nzima. Nne, matunzo ya pikipiki iliyozeeka. Limeandikwa kwa mhudumu wa bodaboda, kwa mkulima mwenye pikipiki ya nyumbani, na kwa mzazi aliyemnunulia kijana wake pikipiki ya kazi. Hata kama hutashika spana mwenyewe, utajua cha kumuuliza fundi.

1. MENO YANASEMA NINI?

Pikipiki ya cheni ina sproketi mbili. Ndogo iko mbele, upande wa injini, chini ya kifuniko. Kubwa iko nyuma, kwenye gurudumu. Ukigawanya meno ya nyuma kwa meno ya mbele unapata uwiano. Tuchukue mfano wa pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma. 42 gawanya kwa 14 ni 3. Maana yake, sproketi ya mbele huzunguka mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja.

Uwiano ukiwa mkubwa, pikipiki ina nguvu ya kupanda na kuvuta mzigo, lakini mwendo wa juu hupungua na injini hulia zaidi barabarani. Uwiano ukiwa mdogo, pikipiki hutulia kwenye lami tambarare, lakini mlimani hukata pumzi. Ni sawa na jembe: la mpini mfupi na la mpini mrefu yote yanalima, ila kila moja lina shamba lake.

Tufanye hesabu. Gurudumu la nyuma la pikipiki nyingi za kazi, lenye tairi la 3.00-17, huzunguka karibu mara 550 kwa kila kilomita. Basi sproketi ya mbele huzunguka hivi:

Mbele 15, nyuma 42: uwiano 2.80, takriban mizunguko 1,540 kwa kilomita.
Mbele 14, nyuma 42: uwiano 3.00, takriban mizunguko 1,650 kwa kilomita.
Mbele 14, nyuma 45: uwiano 3.21, takriban mizunguko 1,770 kwa kilomita.
Mbele 13, nyuma 42: uwiano 3.23, takriban mizunguko 1,780 kwa kilomita.

Tazama mistari miwili ya mwisho. Kupunguza jino moja mbele kunakaribia sana kuongeza meno matatu nyuma. Hii ndiyo kanuni ya kukumbuka: jino moja la mbele ni kama matatu ya nyuma. Ukitoka 14 kwenda 13 mbele, nguvu ya kusukuma gurudumu huongezeka kwa karibu asilimia 8. Kwa upande mwingine, pale injini ilipokupa kilomita 60 kwa saa, sasa kwa mlio uleule itakupa karibu 56.

Meno haya ni ya mfano tu. Pikipiki yako huenda ina idadi nyingine. Hesabu meno ya sproketi zako mwenyewe, au soma namba iliyochapwa ubavuni mwake, kisha uandike mahali pa kudumu.

Kwa nini jambo hili lina uzito zaidi kwetu?

Jiji letu la Eldoret liko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini hula hewa kama inavyokula petroli. Pikipiki isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zake hapa ikilinganishwa na Mombasa. Kwa hiyo pikipiki iliyopangiwa uwiano wa nchi tambarare huja huku ikiwa tayari imechoka kabla hata haijapakiwa. Ukiweka abiria, na siku nyingine gunia la mahindi la kilo 90, injini hulazimika kukaa kwenye gia ya pili kwa safari nzima. Inapata joto, klachi inateleza, petroli inakwenda.

Mwenye kazi ya mizigo kwenye barabara za udongo na vilima atafaidika kwa kupunguza jino moja mbele au kuongeza mawili au matatu nyuma. Anayeshuka kutoka Iten kupitia Tambach kuelekea Bonde la Kerio, ambako barabara inashuka kwa zaidi ya mita 1,000, atapata faida nyingine: uwiano mkubwa huifanya injini ishike pikipiki vizuri zaidi mtu anapoachia mafuta, na breki hazichemki upesi. Lakini anayefanya safari ndefu za lami, kwa mfano kati ya Eldoret na Turbo kila siku bila mzigo mzito, aache uwiano wa kiwandani. Akiupandisha, injini italia muda wote na petroli itaongezeka bila sababu.

Mambo matatu ya kuangalia kabla ya kubadilisha uwiano:

(a) Sproketi ndogo mno mbele huilazimisha cheni kujikunja kwa ukali. Cheni huchakaa haraka na huweza kusugua mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Usishuke zaidi ya jino moja.
(b) Sproketi kubwa mno mbele huweza kugusa kifuniko cha injini. Izungushe kwa mkono kabla ya kufunga.
(c) Sproketi kubwa nyuma huhitaji cheni ndefu zaidi. Usinyooshe cheni ya zamani hadi mwisho wa reli ili itoshe.

Jambo moja zaidi kuhusu mita ya mwendo. Ikiwa waya wake umetoka kwenye gurudumu la mbele, kama ilivyo kwa pikipiki nyingi za kazi, haitadanganya baada ya mabadiliko. Ikiwa inasoma kutoka kwenye gia za injini, itaonyesha mwendo usio sahihi.

Kanuni hizi ni zilezile kwa pikipiki za magurudumu manne za michezo zinazotumia cheni. Tofauti ni saizi ya cheni na uzito.

2. CHENI IMEKWISHA AU BADO?

Cheni haivutiki kama mpira. Inachofanya ni kuliwa ndani, pale pini inapozunguka kwenye bushi, na kila kiungo huongezeka kidogo sana. Viungo zaidi ya 100 vikiongezeka hivyo, cheni nzima inakuwa ndefu na haikai tena kwenye meno. Hapo inaanza kuyala meno, na meno yaliyolika yanaila cheni zaidi.

Pikipiki nyingi za kazi hutumia cheni ya namba 428. Kutoka pini moja hadi nyingine ni milimita 12.7. Kipimo chake unakiweza kwa rula ya shule ya sentimita 30:

Zima injini. Vuta cheni ya chini iwe imenyooka. Hesabu pini 21 mfululizo, upime kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya ile ya 21. Hapo kuna nafasi 20, na cheni mpya itasoma milimita 254. Ikifika takriban 259, imekwisha. Pima sehemu tatu tofauti, kwa sababu cheni hailiki sawasawa.

Kama huna rula, shika cheni pale inapozunguka nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute kuelekea kwako. Ikiinuka hadi uone nusu ya jino, usiahirishe. Tazama pia meno yenyewe. Jino zima lina mabega mawili yanayofanana. Jino lililokwisha limelala upande mmoja kama wimbi au limechongoka kama msumari.

Kuna tabia moja inayowagharimu wengi: kununua cheni mpya na kuifunga juu ya sproketi za zamani. Meno yaliyolika huiharibu cheni mpya ndani ya muda mfupi, na ile akiba ya sproketi inaliwa na cheni ya pili. Badilisha vyote vitatu pamoja. Unaponunua, tazama alama ya ubora ya KEBS, na ulinganishe kipuri kipya na kile cha zamani mezani kabla ya kulipa: idadi ya meno, matundu ya bolti, na namba ya cheni.

Cheni iliyokwisha ina hatari kuliko gharama yake. Ikikatika mlimani, pikipiki hupoteza nguvu ghafla na kuanza kurudi nyuma pamoja na abiria na mzigo. Ikijikunja karibu na sproketi ya mbele, huweza kupasua kasha la injini au kulifunga gurudumu la nyuma mwendo ukiwa mkali.

3. HATUA ZA KUBADILISHA SETI

Vifaa: spana zinazoenea sawasawa, koleo, nyundo ndogo, brashi, mafuta ya taa kidogo, kitambaa na msaidizi mmoja.

Hatua ya 1. Egesha mahali tambarare, simamisha kwa stendi ya katikati, zima injini na utoe ufunguo. Acha injini ipoe.

Hatua ya 2. Fungua kifuniko cha sproketi ya mbele. Utakuta tope lililogandamana na grisi. Safisha. Ukiona mafuta ya injini yanatoka kwenye shafti, sili imekufa; ibadilishe sasa.

Hatua ya 3. Kabla ya kutoa cheni, tia gia, msaidizi akanyage breki ya nyuma, nawe ulegeze bolti za sproketi ya mbele. Ukitoa cheni kwanza, shafti itazunguka na bolti zitakusumbua.

Hatua ya 4. Rudisha gia huru. Legeza nati ya ekseli na virekebishi vya cheni pande zote mbili. Fungua fimbo ya breki. Ondoa klipu ya kiungio kwa koleo, toa cheni, kisha gurudumu.

Hatua ya 5. Fungua nati za sproketi kubwa. Pikipiki nyingi huwa na vibati vilivyokunjwa kuzuia nati zisilegee, vinyooshe kwanza. Gurudumu likiwa chini, kagua vitu vitatu ambavyo huwezi kuviona siku nyingine: beringi, raba za ndani ya habu, na viatu vya breki. Beringi ikikwaruza unapoizungusha kwa kidole, ibadilishe.

Hatua ya 6. Funga sproketi mpya. Kaza nati kwa mtindo wa msalaba, kidogo kidogo, kisha ukunje vibati tena.

Hatua ya 7. Rudisha gurudumu, kisha pitisha cheni mpya. Kama meno hayakubadilika, urefu uwe sawa na cheni ya awali ilipokuwa mpya, kwa hiyo linganisha kwa kuhesabu viungo, si kwa kunyoosha cheni mbili chini. Klipu ina upande uliofungwa na upande wenye mdomo. Upande uliofungwa utangulie kule cheni inakokwenda. Kwenye cheni ya juu, hiyo ni kuelekea injini. Ukiigeuza, jiwe au tope linaweza kuing'oa.

Hatua ya 8. Rekebisha ulegevu. Katikati ya cheni ya chini, inua na ushushe kwa kidole. Kwa pikipiki nyingi ndogo mchezo uwe kati ya milimita 20 na 30. Kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti, fuata kitabu. Zungusha gurudumu na upime mahali cheni inapokaza zaidi. Hakikisha alama za kushoto na kulia kwenye mkono wa nyuma ziko sawa, la sivyo gurudumu litakaa upande.

Hatua ya 9. Kaza nati ya ekseli, rudisha pini yake, funga fimbo ya breki na urekebishe breki ya nyuma. Rudisha vifuniko vyote. Mwambie mtu mzito aketi juu na upime cheni tena. Ikiwa imekaza kabisa, ilegeze, kwani cheni iliyokazwa mno huvunja beringi ya shafti ya gia, na hiyo ni kazi ya kufungua injini nzima.

Hatua ya 10. Endesha polepole bila abiria, jaribu breki, sikiliza. Baada ya kilomita 100 za kwanza kagua tena, maana cheni mpya hulegea kidogo inapojikalisha.

Onyo ambalo tungependa lisomwe kwa sauti katika kila steji: usisafishe wala kupaka cheni mafuta injini ikiwa inanguruma. Wengine huweka gia na kushikilia kitambaa kwenye cheni inayozunguka ili kazi iishe upesi. Kitambaa hunaswa, na vidole hufuata. Zungusha gurudumu kwa mkono, gia ikiwa huru.

4. MATUNZO YA PIKIPIKI ILIYOZEEKA

Cheni. Safisha kwa brashi na mafuta ya taa, kausha, kisha paka mafuta ya gia au mafuta maalumu ya cheni, upande wa ndani, kila kilomita 500. Msimu wa mvua, fanya mapema zaidi. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini haifai: imebeba vumbi la chuma, na ni sumu kwa ngozi yako.

Oili ya injini. Kagua kila asubuhi pikipiki ikiwa imesimama wima. Injini ya zamani hula oili, na ndogo hizi hubeba karibu lita moja tu. Ikipungua kidogo, imepungua sana.

Kichujio cha hewa. Vumbi la barabara zetu za udongo wakati wa kiangazi huingia hadi kwenye silinda. Kipulize au kioshe kadiri ya aina yake. Kichujio kilichoziba kwenye hewa nyepesi ya Eldoret ni kumnyima mgonjwa pumzi.

Plagi. Itoe na uisome. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi na kavu kama masizi inaonyesha petroli nyingi kuliko hewa, jambo la kawaida kwa kabureta iliyopangiwa nchi za chini. Fundi airekebishe kabla hujalaumu sproketi kwa kukosa nguvu.

Breki. Baada ya kuongeza mzigo, breki zinafanya kazi zaidi. Mkono wa kiashiria kwenye dramu ukifika mwisho wa alama, badilisha viatu vya breki. Usingoje chuma kilie.

Kifuniko cha cheni. Wengi hukitoa ili gurudumu lionekane au kwa sababu kinapiga kelele. Kirudishe. Leso, shuka ya mtoto mgongoni au koti refu la mvua likinaswa kwenye cheni, abiria huvutwa kabla mwendeshaji hajajua kumetokea nini. Kabla ya kuondoka, mwendeshaji amwangalie abiria nguo zake zimekunjwa wapi. Abiria naye ana haki ya kukataa pikipiki isiyo na kifuniko.

Na tukumbushane sheria: pikipiki hubeba abiria mmoja tu, na wote wawili huvaa kofia ya usalama na jaketi linaloakisi mwanga. Hakuna hesabu ya meno inayoweza kufanya pikipiki ya mtu mmoja ibebe watatu salama.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Pikipiki ina meno 14 mbele na 42 nyuma. Mwenyewe anataka nguvu ya kupanda bila kununua cheni ndefu. Abadilishe nini?
2. Umepima pini 21 na kupata milimita 260. Utafanya nini, na utanunua vipuri vingapi?
3. Kwenye cheni ya juu, upande uliofungwa wa klipu unatazama wapi?
4. Cheni ina mchezo mzuri pikipiki ikiwa tupu, lakini inakaza abiria akiketi. Kuna hatari gani?

Majibu: (1) Aweke sproketi ya meno 13 mbele. Mchezo wa cheni utaongezeka kidogo, kwa hiyo airekebishe. (2) Cheni imekwisha. Nunua vitatu, yaani cheni na sproketi zote mbili. (3) Unatazama mbele, kuelekea injini. (4) Beringi ya shafti ya gia inaweza kuvunjika, au cheni ikakatika.

Kata ukurasa huu, ubandike kwenye ukuta wa gereji au kibanda cha steji yenu. Jumamosi hii kabla ya safari ya kwanza, chukua rula ya mtoto wako, hesabu pini 21, na uandike namba utakayoipata.